Tulikubaliana tumalizane kindugu, Jumatatu askari akanipigia

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, naishi Tegeta. Ijumaa iliyopita, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa natoka Mwenge na ka-IST kangu. Mvua ya manyunyu, foleni ya kusogea na kusimama. Maeneo ya Tangi Bovu kulikuwa na watu wanavuka kwenye zebra. Bodaboda iliyokuwa mbele yangu ikasimama, nami nikasimama. Mara nikasikia kishindo nyuma, kichwa kikajipiga kwenye siti, gari likaruka mbele likaigusa ile bodaboda. Abiria wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaanguka, akachunika goti na kiwiko.

Nilishuka natetemeka, nikamkimbilia yule kijana nikisema, "Nisamehe kaka, nisamehe, sikukuona." Mjomba, nilikuwa nimemwona vizuri kabisa, sijui kwa nini nilisema vile. Bodaboda walishajaa, wengine wanapigapiga boneti kwa viganja. Aliyenigonga alikuwa na Harrier nyeusi, mtu mzima wa heshima zake, shati limepigwa pasi. Akanivuta pembeni: "Dada yangu, tukiita trafiki tutalala hapa. Gari yako naitengeneza mimi, tumalizane kindugu." Akanitumia shilingi 150,000 kwa simu palepale. Mimi nikampa yule kijana 30,000 ya dawa, akapanda bodaboda ileile wakaondoka. Haikufika robo saa tukawa tumetawanyika.

Jumamosi niliamka shingo haigeuki. Jumatatu fundi akavua bampa la nyuma, akaniita nione. Sakafu ya buti imejikunja kama mkeka. Makadirio yake ni 1,400,000. Yule baba wa Harrier alipokea simu mara moja, akasema yuko kikaoni, tangu hapo inaita tu. Jioni ileile nikapigiwa na askari. Yule kijana ameripoti kwamba nilimgonga nikakimbia, goti limevimba na haendi kazini. Nimeambiwa nifike kituoni Alhamisi asubuhi.

Gari lina bima ndogo. Kadi bado ina jina la aliyeniuzia. Mume wangu yuko safarini, nilimtumia picha tu ile jioni, habari ya polisi hajui. Nifanye nini sasa? Na pale barabarani nilitakiwa nifanye nini? Naona kama kila nilichofanya nilikosea.

Mwalimu wa Tegeta

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla hujaendelea kusoma, shika simu umpigie fundi. Mwambie aache. Asinyooshe chochote, asipige hata nyundo moja, na lile bampa alilolivua asilitupe wala asiwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukimaliza, rudi hapa tuendelee.

Buti lako lililojikunja ndilo shahidi wako mkubwa. Unatuhumiwa kumgonga mtu, wewe unasema ulisukumwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, mbele gari lina alama ya kugusa tu, nyuma sakafu imekunjamana. Mkaguzi wa magari wa polisi akiyaona hayo mawili pamoja, hahitaji hotuba ndefu kujua nguvu ilitoka upande gani. Likishanyooshwa na kupigwa rangi, utabaki na mdomo wako tu. Na mdomo wako ulishasema "sikukuona" mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda.

Nimekagua magari yaliyogongana kwa niaba ya kampuni za bima kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakuhakikishia hukukosea kila kitu. Ulisimama, ulishuka, ulimwendea aliyeumia. Wapo wengi wanaokanyaga mafuta. Ulikosea pale ulipokubali kumalizana kabla hujajua kinachomalizwa ni nini. Ijumaa saa moja usiku hakuna aliyejua shingo yako ina nini, wala goti la kijana, wala sakafu ya buti. Bei ya kitu kisichojulikana mliipatia jibu kwa robo saa, kwenye manyunyu.

Sasa Alhamisi. Nenda, tena nenda mapema, usingoje kupigiwa mara ya pili. Usiende peke yako. Mchukue ndugu mtu mzima anayejua kunyamaza, na kama unaweza kumpata wakili, ni bora zaidi. Beba leseni, nakala ya kadi ya gari, cheti cha bima, na simu yako ikiwa na chaji. Eleza mambo kwa mpangilio uliyonieleza mimi, pamoja na lile la "nisamehe", usilifiche. Ukilisema wewe kwanza na kueleza kwamba ulikuwa umechanganyikiwa, linakuwa jambo la kibinadamu. Likisemwa na mwendesha bodaboda wewe ukiwa umelikalia kimya, linakuwa ungamo. Maelezo yakishaandikwa, yasome neno kwa neno kabla ya kusaini, na palipoandikwa sivyo omba parekebishwe. Wewe unasahihisha madaftari ya watoto kila siku, usione haya kusahihisha na hili.

Nisikufiche pia upande wako ulio dhaifu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, ajitambulishe, na ajali yenye majeruhi iripotiwe polisi. Ulisimama, hukuripoti. Basi usiende kituoni kubishana kwamba kijana naye alikubali akachukua 30,000. Sema tu kwamba mlikubaliana, ukadhani yamekwisha, na sasa umekuja kutoa taarifa kamili. Pakitajwa shitaka, dhamana ya polisi hailipiwi. Mtu akikuvuta kando akakwambia kuna njia fupi, ukumbuke kwamba njia fupi ulishaipita Ijumaa, na ndiyo iliyokufikisha hapo.

Huenda unadhani huna ushahidi. Unao, tena mwingi, ila hujautazama. Ile picha uliyomtumia mumeo iangalie upya, ikuze. Watu wengi wanapiga picha ya bampa kumwonyesha mwenza hasara, na nyuma yake inaonekana namba ya gari la pili, mistari ya zebra, hata bodaboda yenyewe. Mwambie mumeo asiifute na aihifadhi kama ilivyo, maana ina tarehe na saa. Ndiyo, ina maana itabidi umweleze mumeo yote. Mweleze leo, maana kituoni huenda akahitajika kuthibitisha picha, na nisingependa habari ya polisi aisikie kwa shemeji.

Kitu cha pili ni ile 150,000. Mzee wa shati la pasi alidhani anajinasua, kumbe alijiandikisha mwenyewe. Muamala wa simu unabeba jina la aliyesajili laini, tarehe, saa na dakika. Mtu asiyekugonga atakutumiaje shilingi 150,000 saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, siku ya ajali, hali hamjuani? Usifute ule ujumbe, upige picha ya skrini, na omba taarifa ya miamala ya siku hiyo kwa mtandao wako wa simu. Hela yenyewe usiirudishe kwa hasira. Hukusaini karatasi kwamba huna madai tena, kwa hiyo ihesabu kama malipo ya awali, na siku ya hesabu itatajwa.

Ukiwa na namba ya lile gari, mlango wa bima unafunguka. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki bima ya gari kwa namba zake za usajili. Utaona kama Harrier ilikuwa na bima hai siku ile na ni kampuni gani iliyoikatia. Hapo ndipo penye dai lako, si kwenye simu ya mtu asiyepokea. Bima ndogo yako haitengenezi IST yako hata ingekuwa imegongwa na treni, kwa sababu ilikatwa kwa ajili ya madhara unayowasababishia wengine. Yake inaweza kukulipa wewe kama wewe ndiye uliyeumizwa na gari lake. Lakini kampuni yoyote ya bima itaanza kwa kukuuliza ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, na ndiyo maana Alhamisi, pamoja na uchovu wake, inakufaa wewe kuliko inavyomfaa yule baba.

Kampuni yako nayo ijulishe, leo, kwa maandishi. Najua utaniambia, "Mjomba, bima ndogo ya nini?" Ya yule kijana. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ilikulazimisha ukate hiyo bima kwa sababu ya watu kama yeye, watu waumiao barabarani kwa gari lako. Ikionekana kwamba nawe una sehemu ya lawama, kwa mfano kwamba ulimkaribia mno bodaboda kwenye foleni, basi matibabu yake ni jambo la bima yako kabla ya kuwa la mshahara wako. Watu husema wa nyuma ndiye mwenye kosa siku zote. Mara nyingi ni kweli, lakini nimeona mafaili ambayo lawama iligawanywa. Karatasi ya bima inaweka muda wa kutoa taarifa, soma yako. Kuchelewa kutoa taarifa ndiko kunakoua madai mengi, kuliko ajali zenyewe.

Kampuni ya upande wa pili ikikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambako mtu wa kawaida anapeleka lalamiko lake bila kwanza kufungua kesi mahakamani. Mahakama nayo ipo, lakini madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Inaonekana mingi, ila mwaka mmoja huishia kwenye "nipigie wiki ijayo".

Shingo. Usiichukulie kama umelalia mto vibaya. Gari likigongwa kwa nyuma, kiwiliwili hutangulia mbele pamoja na siti na kichwa hubaki nyuma, kisha hurushwa. Misuli na mishipa ya shingo huvutika. Wakati huo mwili umejaa joto la mshtuko, husikii chochote, na ndiyo maana watu husema "mimi mzima" na kesho yake hawawezi kuvaa fulana. Kituoni omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea matibabu, ujaziwe, uende hospitali, na kila cheti na risiti uvitunze. Ila ukihisi ganzi mikononi, kichwa kikauma kupita kiasi, ukatapika au kuona maluweluwe, usingoje Alhamisi. Nenda usiku huohuo, PF3 itafuata. Hata barabarani, majeruhi mahututi hakalishwi kungoja fomu: mmoja anakimbia naye hospitali, mwingine anakwenda kituoni.

Sasa nikurudishe Tangi Bovu, maana uliuliza ungefanyaje pale, na wanaosoma hapa wengi bado hawajagongwa.

Gari likishasimama, zima injini, washa taa zote za indiketa, na kaa kwenye siti kwa pumzi tatu. Nasema kweli, tatu. Wengi hufungua mlango bila kutazama wakagongwa na gari la pili, na jioni ya manyunyu kwenye barabara ya Bagamoyo gari la pili haliko mbali. Kisha ushuke upande usio na magari, watoto wakae nyuma ya kingo au mtaroni. Pembetatu za kuakisi mwanga ziko kwenye buti kwa kazi hiyo. Weka moja nyuma ya gari kwa umbali ambao anayekuja kwa kasi atapata nafasi ya kukanyaga breki, si hatua tatu kutoka kwenye taa. Barabara za mikoani utaona madereva wamekata matawi wakayalaza lamini. Yanasaidia mchana, ila usiku tawi halimeti.

Watu kwanza, vyuma baadaye. Aliyeumia mwulize jina lake, mwache hapohapo alipo kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena. Hapa kwetu tuna huruma yenye haraka: mmoja ameshika miguu, mwingine makwapa, wanamtupa nyuma ya pikapu, na uti wa mgongo uliokuwa mzima unakatikia hapo. Kama lazima ahamishwe, kichwa na shingo vishikwe vikae sawa na kiwiliwili, asipindwe. Kofia ya bodaboda isivutwe kwa nguvu. Damu inayochuruzika, kandamiza kwa khanga safi na usifungue kila dakika kuchungulia. Na maji ya kunywa, ambayo kila mara atatokea mama mwema na kikombe, aliyeumia sana asipewe. Simu ya dharura ya polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji 114.

Kuna ajali moja ambayo haya yote hayahusu, nayo ni ya lori la mafuta. Hapo kazi yako ni kukimbia na kuwakimbiza wengine, upepo ukiwa unavuma kutoka kwako kwenda kwenye lori. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori lilianguka, watu wakaja na ndoo na madumu, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100, na wengi wao hawakuwa kwenye ajali hata kidogo, walikuja baadaye.

Kwenye ajali yako hapakuwa na moto wala mahututi. Kwa hiyo baada ya kumtazama kijana, mkono wa pili ulipaswa kwenda kwenye kamera, na mdomo ufungwe. Lugha yetu imetupa zawadi ambayo madereva hawaitumii. "Pole" si "samahani". Ukimwambia mtu "pole sana, umeumia wapi?" umekuwa mwungwana na hujakiri lolote. "Nisamehe" na "sikukuona" ni maneno ya mwenye kosa, na walio pembeni wanayabeba jinsi yalivyo. Vilevile usiseme "mimi sijaumia, niko poa", hujui bado. Nani mwenye kosa ni kazi ya trafiki kulipima, na hata masharti ya bima yako yanakukataza kukubali lawama au kuahidi malipo bila wao kujua.

Picha, anza mbali. Kila mtu huanza na mkwaruzo, akapata picha arobaini za bampa na hakuna hata moja inayoonyesha barabara. Simama hatua ishirini nyuma, magari yote yaonekane yalivyokaa, na zebra, na taa, na bango lolote linaloonyesha ni wapi. Zunguka, piga pande nne. Halafu sogea: namba za magari, vipande vya taa vilivyomwagika, alama za matairi. Vipande vinasema mengi, maana taa huvunjikia palepale ilipogongwa, magari hata yakisogezwa. Mwombe dereva mwenzako leseni uipige picha, na akikataa piga picha yake akikataa. Kisha mtafute mtu mmoja tu aliyeona, asiye bodaboda wala abiria wako. Muuza mahindi ya kuchoma, mlinzi wa geti, dada wa wakala wa fedha. Chukua jina na namba yake, ujaribu kumpigia hapohapo simu iite. Nenda Tangi Bovu kesho jioni saa ileile, mwanangu. Wafanyabiashara wa barabarani hawahami, na mgongano mbele ya meza ya mtu haumtoki kichwani kwa siku nne.

Kuhusu kusogeza magari. Penye aliyeumia, yabaki yalivyo mpaka trafiki aje apime, isipokuwa pale ambapo kumwokoa mtu kunalazimu. Penye mikwaruzo tu na foleni inalia, pigeni picha, wekeni alama barabarani kwenye kila tairi, halafu muegeshe pembeni mngoje. Msipelekeshwe na honi za watu wanaowahi nyumbani.

Na bodaboda waliozunguka. Nawajua, nimewahi kuzungukwa. Wengi wao wanataka tu mwenzao asionewe, na ukishaonekana unamhudumia aliyeumia, nusu ya kelele inakwisha. Mchague mmoja mwenye umri umwambie, "Kaka, nisaidie kuwatuliza, naita polisi." Mtu akipewa wadhifa hutulia. Lakini ukiona mawe yanaanza kuokotwa, ingia garini uondoke, na uendako ni kituo cha polisi cha karibu, moja kwa moja, hata kama nyumbani ni karibu zaidi. Aliyekwenda kituoni aliokoa maisha yake. Aliyekwenda nyumbani alikimbia, na atasomewa hivyo.

Mzee wa Harrier simlaani kwa kutaka kumalizana. Kumalizana ni desturi yetu, trafiki wenyewe huwaachia watu nafasi hiyo magari yakiwa yamechubuana tu, na bima zikajua. Lakini kuna utaratibu wake. Kwanza polisi wawe na kumbukumbu. Fundi aseme bei kwa maandishi, daktari aseme mwili una nini. Ndipo mnaandikishana: majina kamili, namba za magari, kiasi, tarehe ya kulipa, mashahidi, ikibidi mbele ya wakili au ofisi ya serikali ya mtaa. Yanayotangulia hayo yaitwe msaada, na uyapokee kama msaada. Mtu anayekuharakisha usiku, mvuani, huku akisema trafiki atawachelewesha, mara nyingi kuna kitu anachokikwepa. Leseni iliyokwisha muda, bima iliyolala, pombe, au gari la ofisi lililotoka bila ruhusa. Sijui lake ni lipi. TIRA itakuonyesha moja kati ya hayo.

Hilo la kadi lisikupe usingizi mbaya wiki hii, ila lina makali. Aliyekuuzia ndiye mmiliki machoni pa karatasi, na polisi wanaweza kumpigia. Mpigie wewe kwanza, usimwache ashtuke. Tafuta mkataba wa mauziano, uende nao Alhamisi. Kama bima nayo ina jina lake, iambie kampuni ukweli sasa. Yakitulia, mkabadilishe umiliki TRA, na ukubali gharama yake. Nimeona watu wanakimbia ile gharama miaka mitano, halafu mwenye jina anafariki, na warithi wanakuja kulidai gari.

Yule kijana utamwona tu, kituoni au kwao. Ukishatoa maelezo, mtembelee na mtu mwingine, mpe pole, uliza goti linaendeleaje. Ukitaka kumsaidia nauli ya hospitali msaidie, kwa simu, ibaki kumbukumbu, na umwambie mbele ya mwenzako kwamba ni msaada wa matibabu. Usiingie kwenye mjadala wa nani alimgonga nani. Naye hakukosea kwenda polisi. Alifanya Jumatatu kile ulichopaswa kukifanya wewe Ijumaa, ila aligeuza hadithi kidogo, pengine kwa sababu gari aliloliona likimgusa lilikuwa lako, na Harrier hakuiona.

IST ikishatoka gereji, weka haya kwenye kimfuko cha mlango: kalamu isiyokauka, karatasi mbili zenye jina lako na namba ya bima, khanga kuukuu iliyofuliwa, tochi. Na kipande cha chaki cha kuwekea alama matairi kabla magari hayajasogezwa. Kwa wengine huwa nawaambia wakanunue. Wewe ichukue tu ubaoni, mwalimu, ile fupi ambayo watoto wamekwisha kuivunja.